Koti la Mwalimu

Wiki nzima mmenisumbua. Wengine mmepiga simu gazetini, mmoja amenikamata dukani nikiwa na mkate mkononi, na swali lenu ni lile lile: aliyemfungia Kimya stoo ni nani? Tulieni. Mambo mazuri hayataki haraka, na haya wala si mazuri.

Kwa aliyekuwa safarini, ni hivi. Kimya ni fundi friji. Siku za kazi anahangaika na friji za watu. Mwisho wa wiki anapiga gitaa la besi katika bendi ya ridhaa, ile inayopiga nyimbo za wakubwa kwenye harusi za watu wa kawaida. Hawana wimbo wao hata mmoja, na wala hawautafuti. Mazoezi wanafanyia kwenye gereji ya mpiga dramu wao, Nyundo, fundi wa kunyoosha bodi za magari, ambaye amemwoa dada yake Kimya. Jumamosi ile asubuhi, siku ya harusi, Kimya aliingia stoo ya gereji kutafuta waya wa spika. Mlango ukafungwa nyuma yake, komeo likasukumwa kwa nje, na upande wa pili mtu akaanza kupiga mayowe.

"Nani huko?" Kimya aligonga. "Fungua mlango."

Alisikia kiti kikianguka, kisha sauti ya Mwalimu, mwimbaji wao, mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi kumdanganya mtu hata kwa kumfariji. Sauti ilitoka kwenye kitambaa, kama ya mtu aliyefunikwa kichwa.

"Nimekukosea nini? Niambie kwanza nimekukosea ni..."

Chuma kikatua. Hakikutua kwenye meza wala kwenye bati, maana hakikutoa mwangwi wowote. Kikatua tena, na Mwalimu akaacha kuuliza maswali.

Kimya akajitupa mlangoni kwa bega. Mlango ule ulitengenezwa kulinda vipuri, haukutikisika. Akajitupa tena. Huko nje chuma kiliendelea, na sasa kilikuwa kimepata mwendo wake.

Moja. Mbili. Tatu-nne.

Moja. Mbili. Tatu-nne.

Kimya akaganda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeegemea mbao za mlango, na vidole viwili vilikuwa vinacheza vyenyewe. Kila ilipofika nne viliwahi kidogo, kama vinavyowahi kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi.

Hapo akajua. Mpiga dramu wao ana ugonjwa mmoja: pigo la nne hulidaka kabla ya wakati wake, kama mtu mwenye njaa anayeingiza mkono kwenye sahani wenzake hawajanawa. Wageni wa harusi hawajawahi kugundua, kwa sababu Kimya naye huiwahisha noti yake, wakaangukia pamoja, na ubaya ukaonekana ni ufundi. Kazi ya mpiga besi ndiyo hiyo. Ukisikia bendi imetulia, ujue kuna mtu pale nyuma anamsitiri mwenzake na hakuna anayemshukuru.

"Shemeji," Kimya alisema, mdomo ukigusa mbao. "Shemeji, acha. Utamuua."

Chuma kikanyamaza. Ikasikika pumzi karibu kabisa na mlango, pumzi ya mtu aliyetoka kazini. Kisha hatua zikaondoka taratibu, bila kukimbia.

Kimya alipapasa gizani akapata jeki ya gari. Alizipiga bawaba mpaka viganja vikachubuka, mpaka mlango ukalala upande.

Mwalimu alikuwa sakafuni mbele ya dramu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo. Stendi ya maiki, ile ya chuma kizito, ilikuwa imemlalia kifuani, na kichwa kilikuwa kimezungushiwa koti la bendi, mikono ya koti ikafungwa fundo shingoni. Kimya aliishika stendi akaiondoa. Akafungua fundo. Meno mawili yakaanguka sakafuni pamoja na damu.

"Mwalimu. Mwalimu, ni mimi. Pumua."

Mwalimu alipumua, lakini kwa shida. Kimya akakunja lile koti ili amwekee chini ya kichwa, na ndipo alipouona ukosi.

Makoti ya bendi yameshonwa kwa jora moja, rangi ya damu ya mzee, na kila baada ya harusi wanaume hawa hubeba la huyu wakaacha la yule. Ndiyo maana kiongozi wao aliwadarizia majina kwa uzi mweupe ndani ya ukosi. Hili liliandikwa MWALIMU. Mwili mzima lilikuwa limelowa damu mbichi, isipokuwa kwenye kiwiko cha kulia, ambako kulikuwa na doa jingine, la kahawia, lililofuliwa likakataa kutoka.

Kimya alilijua doa lile, kwa sababu alilitia yeye.

Alhamisi mvua ilikuwa inanyesha. Dada yake alimpigia simu akasema ameanguka bafuni. Kimya akavuta koti lolote lililokuwa limening'inia kwenye gari lake la kazi, akaenda, akamkuta dada na nyusi iliyopasuka, na bafu lake lilikuwa kavu. Alimkandamiza jeraha kwa kiwiko cha koti mpaka damu ikakoma. Dada akasema liache, nitalifua. Kimya hakutazama ukosi. Nani hutazama ukosi dada yake akiwa anavuja damu?

Kumbe Nyundo alilikuta koti la mwanamume chumbani kwake, akasoma jina. Mwalimu wa watu alikuwa amebeba kipigo kisicho chake. Mwenye kipigo alikuwa amepiga magoti pale pale, mzima, stendi ya chuma imelala pajani pake.

"Weka hicho kitu chini."

Mlangoni alisimama Mama Kinanda, kiongozi wa bendi. Yeye ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu, na ndiye aliyeshona yale makoti. Mkoba wake ulikuwa umeanguka miguuni.

"Mama, si mimi."

"Nimesema weka chini, Kimya. Mikono yako naiona."

Nyuma yake akaingia Nyundo. Alikuwa amebadilisha shati. Alibeba kreti la soda begani, alilokwenda kuwanunulia wenzake kwa mapenzi yake yote, na alipomwona Mwalimu akaliachia. Chupa zikapasuka. Nyundo akaanguka juu ya vigae na vioo akalia, akamwita Mwalimu ndugu yangu, akauliza ni mnyama gani amefanya hivi. Nimehudhuria misiba mingi, wajane nimewasikia, lakini kilio safi kama kile sijakisikia.

Mwalimu alifumbua jicho moja walipokuwa wanambeba kwenda kwenye gari.

"Harusi," alisema. Bibi harusi wa siku ile alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mwenyewe. "Msimwambie. Pigeni."

Sajenti alifika wakati damu haijakauka. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa kuchosha.

"Kwa hiyo hukumwona."

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Nilimsikia anavyopiga. Ni Nyundo. Analiwahi pigo la nne."

Sajenti aliinua kichwa. "Hebu rudia."

"Moja, mbili, tatu-nne. Hivyo. Hakuna mwingine anayepiga hivyo."

"Kijana, mvi hizi zimeota kazini. Nimeletewa ushahidi wa nyayo, wa vidole, mpaka wa kasuku. Huu wa kuhesabu mpaka nne ndio kwanza nausikia."

"Ana mke ndani. Ni dada yangu. Afande, mnamwacha na mtu huyu?"

"Mambo ya mke na mume hayo, mtayamaliza kifamilia. Mimi nina chuma chenye vidole vyako." Alifunga kalamu. "Ningekuchukua sasa hivi. Ila huyu mama amenibembeleza mpige kwanza, bibi harusi asije akapata mshtuko. Nitakaa getini. Mkimaliza, tunaongozana."

Ufunguo wa gari la Kimya aliuchukua Sajenti, na Mama Kinanda alikataa kupanda gari moja na kijana huyo. Kwa hiyo Kimya alipanda pikapu ya Nyundo, dramu zikiwa zimefungwa kamba nyuma, wawili tu ndani. Wazee walisema la kuvunda halina ubani.

Kwenye makutano, taa ilipowaka nyekundu, Nyundo aliuchukua mkono wa kushoto wa Kimya, ule wa kukandamizia nyuzi, akauweka juu ya kirungu cha gia, akaufunika na wa kwake.

"Uliniita," alisema. "Pale mlangoni. Umemwambia yule afande?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Nyundo naye akacheka, akatikisa kichwa. "Nilikufungia kwa heshima, shemeji. Sikutaka uumie kwa dhambi ya mwingine. Unajua nimekuta nini chini ya kitanda changu? Koti la yule mshenzi. Limefuliwa. Dada yako amemfulia, akalikunja vizuri, akalificha."

"Shemeji, lile koti ni..."

Nyundo akabana. Mikono inayonyoosha milango ya magari haihitaji kujitahidi. Kidole cha pete kililia mara moja, na maneno ya Kimya yakageuka ukelele.

"Usimtetee. Mwalimu nimeshamalizana naye. Bado dada yako. Simu yake ninayo hapa mfukoni. Tukitoka ukumbini naenda naye nyumbani, nafunga mlango, na kesho mtakuja kuzika." Taa ikawaka kijani. Akabadilisha gia, mkono wa Kimya ukiwa bado ndani ya wake. "Wewe ni ndugu yake. Nimeona si vizuri usikie kwa watu baki."

Ukumbini Kimya alifunga kidole kwa utepe wa umeme kutoka kwenye boksi lake la kazi. Kisha akabeba spika, akapita nayo jikoni kama mtu aliyepotea njia.

Dada yake, aliyekuja kusaidia kazi za harusi, alikuwa anafuta sahani. Kitambaa cha kichwani amekishusha mpaka kwenye nyusi.

"Mkono umefanya nini?"

"Mlango. Usinitazame, endelea kufuta. Dada, alilikuta koti."

"Najua alilikuta. Nilimwambia ni wewe uliyekuja nalo. Akasema leo nimejifunza na kutunga hadithi."

"Amesema usiku wa leo hutauona."

Dada aliweka sahani juu ya nyingine bila kuzigonganisha. "Asubuhi alinibusu. Tangu tuoane hajawahi kunibusu asubuhi. Nikajua hapa kuna jambo."

Kimya alitazama dirishani. Nyundo alikuwa uani akishusha dramu, na hakuna mtu angetoka pale asipite mbele ya macho yake.

"Sikiliza. Bwana na bibi harusi wakianza kucheza, beba sahani kama unazirudisha jikoni. Toka kwa mlango huu, shika kijia mpaka barabara ya mabasi, nenda kwa mama mdogo. Mumeo atakuwa amekaa kwenye dramu."

"Na akisimama?"

"Mpiga dramu hasimami wimbo ukiwa unaendelea. Heri avuliwe nguo."

"Na wimbo ukiisha?"

"Mimi ndiye naumaliza. Besi isipotua kwenye noti ya kufungia, hakuna anayethubutu kuacha. Sitatua mpaka nione mlango umefungwa nyuma yako."

Dada alitabasamu kwa upande usiouma. "Nimekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Leo wewe ndiye wa kunipangia safari."

"Ndiyo dada. Leo ni mimi."

Harusi ikaanza. Bibi harusi aliuliza kaka yake yuko wapi, akaambiwa sauti imemkauka, anapumzika. Mama Kinanda akaimba mahali pa Mwalimu huku mikono yake ikiwa kwenye kinanda na macho yake yakimchoma Kimya ubavuni. Nyundo alikuwa amempangia mkewe kiti cha mbele kabisa, amwone vizuri.

Wakaita bwana na bibi harusi wacheze. Kimya hakungoja kuhesabiwa. Aliingia mwenyewe na besi, na wenzake wakalazimika kumfuata.

Kila alipokandamiza uzi, kidole kilimwambia habari ambazo hakutaka kuzisikia. Akapiga hivyo hivyo. Dada akasimama, akakusanya sahani za meza ya mbele, akamwambia mtu jambo, akacheka, akaanza kutembea. Macho ya Nyundo yakamfuata. Mikono haikuweza kumfuata, ilikuwa na kazi.

Wimbo ukafika mwisho wake. Mama Kinanda akamtazama Kimya ampe ishara. Kimya akazunguka upya. Wageni wakashangilia, wakadhani ni zawadi kwa maharusi.

Ukafika mwisho tena. Nyundo akazizungusha dramu zote kwa fujo, ile namna ya kuomba kufunga. Kimya akakataa, akazunguka.

"Maliza," Nyundo alisema nyuma yake.

Kimya hakugeuka. Dada alikuwa katikati ya ukumbi, mtu amemzuia amsalimie. Ukumbi huu ulikuwa na wajomba wengi mno wenye kupenda kusalimiana.

"Nimesema maliza, wewe." Kijiti kikavunjika. Kipande kikampita Kimya sikioni, na Nyundo akachomoa kingine bila kupoteza pigo. Sasa alikuwa ameelewa. Alipiga kwa nguvu ambayo hakuna harusi inayoihitaji, na jasho lake likawa linaruka juu ya ngozi za dramu.

Dada akafika kwenye mlango wa jikoni, akaweka mkono kwenye kitasa.

Kitasa kikazunguka kutoka upande wa pili.

Mlango ukafunguka na Mwalimu akasimama pale, kichwa kimefungwa bandeji, taya limefungwa, mkono kwenye plasta. Alikuwa ametoroka wodini. Alipitia nyuma ili mdogo wake asishtuke, amwone tu akicheza, kisha arudi. Dada hakuwa na habari ya kilichompata. Sahani zikamponyoka. Akainua mkono akaugusa uso ule uliovimba, kwa huruma, kama ambavyo yeyote angefanya.

Kutoka jukwaani haikuonekana kama huruma. Kimya aliusikia mgongo wa Nyundo ukinyooka.

Hapo Kimya alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu bendi ianze. Aliacha kumsitiri. Pigo la nne akaliweka mahali pake, bila kuwahi, na dramu ya Nyundo ikabaki uchi mbele ya watu wote.

Moja. Mbili. Tatu-nne.

Wachezaji wakakanyagana. Bwana harusi akacheka kwa aibu. Kule mlangoni Mwalimu hakucheka. Pigo la nne lilipoanguka alijikunja. Lilipoanguka tena aliinua mkono wake mzima akafunika kichwa, mbele ya ukumbi mzima, na hakukuwa na mtu yeyote aliyemgusa.

Mama Kinanda alimwona. Alitazama mkono ule, akageuka akatazama dramu, na vidole vyake vikateleza kutoka kwenye kinanda. Alikuwa mwanamuziki mzuri kuliko Sajenti.

Lakini kinanda kikanyamaza. Na kinanda kiliponyamaza pamoja na mwimbaji wake, wimbo ukafa.

Nyundo alisimama. Alichukua nyundo ya kazi aliyokuwa anaitumia kushindilia miguu ya dramu isiteleze, akapita katikati ya vifaa vyake mwenyewe, dramu kubwa ikatobolewa na goti, matoazi yakaanguka. Alikuwa anaelekea kwenye mlango wa jikoni. Mjomba mmoja alimshika mkono akapigwa kiwiko cha pua, akakaa chini.

Kimya akaivuta maiki.

Wateja wao hawajawahi kuisikia sauti yake. Mama Kinanda mwenyewe husema mtoto huyu ukimwomba kuhesabu nyimbo anatoa jasho.

"Shemeji. Koti lilikuwa kwangu."

Spika ziliitupa sauti ile mpaka barazani. Nyundo akasimama.

"Alhamisi nilikuja mimi. Nilivaa koti la Mwalimu kwa makosa, kama tunavyofanya kila siku. Nilikuja kumfuta dada yangu damu uliyomtoa wewe. Umemvunja mtu bure. Uliyekuwa unamtaka ulimfungia stoo."

Nyundo aligeuka. Uso wake ulikuwa umetulia, na Kimya akaogopa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Alirudi mbio. Pigo la kwanza la nyundo Kimya alilikinga kwa besi, ubao ukapasuka. La pili lilimpata begani, akahisi mfupa ukiachana na mwenzake. Mkanda ukakatika, besi ikaanguka upande, wote wawili wakaporomoka kutoka jukwaani wakaangukia meza ya keki. Kimya alimzungushia waya wa maiki mguuni akavuta. Nyundo akaanguka kifudifudi, akainuka na damu puani, akamfikia, akamlalia, akamkalia kifuani. Wageni walikuwa wanagombania mlango wa mbele. Viti vilivunjika, mtoto wa mtu alilia, na hakuna aliyerudi.

"Wewe," Nyundo alisema. "Nilikuheshimu wewe."

Moja. Kimya aliuweka mkono, mkono ukavunjika.

Mbili. Sikio likajaa mlio.

Tatu. Mbavu. Kimya alifumba macho, na vidole vyake, wapumbavu wale, vikawahi kulipokea la nne kama vilivyozoea.

La nne halikuja.

Alifumbua macho. Nyundo bado alikuwa amemkalia, mkono juu, macho wazi, na alionekana kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Kisha akaegemea upande polepole akalala kwenye keki.

Nyuma yake alisimama dada. Alikuwa ameishika besi kwa shingo, kwa mikono miwili. Waya ulikuwa bado umechomekwa, na spika zilitoa ngurumo moja ndefu isiyoisha. Kwenye kona ya ubao uliopasuka kulikuwa na nywele.

"Nilikwambia uende," Kimya alisema.

"Uliniambia hutaumaliza mpaka nitoke." Dada hakuishusha besi. "Umeisha nikiwa bado ndani, mdogo wangu. Ningekuacha na nani?"

Mama Kinanda alipiga magoti. Aliweka vidole shingoni kwa Nyundo, akangoja, akavihamisha, akangoja tena. Kisha akaviondoa akavifuta kwenye koti lake, akamfumba Nyundo macho.

Sajenti aliingia akipingana na watu waliokuwa wanatoka, kofia imemtoka. Alitazama dramu, keki, na mtu aliyelala.

"Nani amefanya hivi?"

Kimya alijiinua kwa goti. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika na mwingine una kidole kilichokufa. Kwa huo huo akaichukua besi kutoka kwa dada yake, naye akaiachia bila kujua ameiachia.

"Mimi," alisema.

"Hapana," dada alinong'ona. "Kimya, hapana."

"Ni mimi, afande. Asubuhi hukuniamini. Sasa niamini."

Sajenti alishusha pumzi, pumzi ya mtu ambaye kazi yake imerahisishwa. Akatoa pingu. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, akatazama ukumbi akauliza kama kuna aliyeona.

Bibi harusi alikuwa chini ya meza. Mama Kinanda aliinamisha kichwa akawa anahesabu vifungo vya koti lake.

Kule mlangoni mwa jikoni, mtu mwenye bandeji alianza kutembea. Alipita juu ya sahani zilizovunjika, taratibu, akaja mpaka mbele ya Sajenti. Akainua mkono wake mzima, kama wanafunzi wake wanavyoinua darasani.

"Mimi nimeona," alisema Mwalimu kwa taya lililofungwa. "Nimeona kila kitu."

Dada alimtazama Mwalimu. Kimya alimtazama Mwalimu. Na Mwalimu, ndugu zangu, mnamjua: katika maisha yake hajawahi kumdanganya mtu hata kwa kumfariji.